Hisabu ya Birika na Kiungo Kilicholegea

Asubuhi moja, baada ya kuamkiana, mama mmoja jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu kama mzazi, aliniwekea mezani ekstensheni iliyoungua: plastiki iliyozunguka tundu moja imegeuka rangi ya kahawa na kujikunja, na vibati vya shaba vilivyomo ndani vimefanya weusi. “Mwanangu,” akasema, “hii imewasha taa ya sebule yangu miaka minne bila taksiri, birika nimelichomeka wiki moja tu, imeungua. Kosa ni la birika?” Nikachukua karatasi na penseli, kwa kuwa jawabu la swali lake limo katika hisabu ambayo kila ajuaye kuzidisha na kugawa aweza kuifanya, na ambayo naamini kila mwenye nyumba anaihitaji.

Volteji ni msukumo unaoupeleka umeme katika waya, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kipitacho kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni uzito wa kitu kukubali kupitiwa na mkondo huo, nao hupimwa kwa omu. Ama nguvu, yaani kadiri ya kazi ifanywayo kila sekunde, iwe ya joto au ya nuru, hiyo hupimwa kwa wati. Ukigawa volti kwa ampea wapata omu, na ukizidisha volti kwa ampea wapata wati.

Jina la omu ni kumbukumbu ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa skuli aliyekuwa akisomesha Köln, katika Ujerumani. Betri za zama zake zilikuwa hazitulii, nguvu yake ikipungua hali mpimaji angali akipima. Basi akaziacha, akaunganisha shaba na bismuthi, kiungo kimoja akakitia katika maji yachemkayo na cha pili katika barafu, akapata msukumo usiobadilika, ndipo alipoweza kulinganisha nyaya za urefu mbalimbali kwa insafu. Mwaka 1827 alitoa kitabu chake, ambacho kwao kilipokewa kwa ubaridi, mpaka mwaka 1841 Royal Society ya London ilipomtunukia nishani ya Copley.

Tuligeuza birika tukasoma kibandiko chake: volti 230, wati 2,300. Gawa wati kwa volti, mkondo ni ampea 10. Gawa volti kwa ampea, ukinzani ni omu 23. Taa ya sebule ilikuwa ya wati 23, basi mkondo wake ni ampea 0.1 na ukinzani wake ni omu 2,300. Hapa wengi hukosea, wakidhani kwamba kitoacho joto jingi sharti kiwe na ukinzani mkubwa, ilhali kwa volteji ile ile ya ukutani mambo ni kinyume: chenye ukinzani mdogo ndicho kivutacho mkondo mkubwa, na ndicho kilacho wati nyingi.

Lakini mkondo wa birika hauanzi wala hauishi ndani ya birika. Hupita katika kila waya na kila kiungo cha njia yake. Tuseme vile vibati vimelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa, vikawa na ukinzani wa nusu omu tu. Mwaka huo huo wa 1841 Mwingereza James Joule, mwana wa mtengeneza bia wa Salford, alitangaza kwamba joto lizaliwalo katika waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha ukazidishwa kwa ukinzani. Taa ilipowaka, kiungo kile kilizaa 0.1 mara 0.1 mara 0.5, yaani wati 0.005, kiasi kisichoweza kuhisiwa na mkono. Birika lilipowaka, kilizaa 10 mara 10 mara 0.5, karibu wati 50. Mkondo umezidi mara 100. Joto limezidi mara 10,000. Fundi redio huyeyusha risasi kwa chuma cha wati 40, nasi twashangaa plastiki kujikunja!

Na asitegemee mtu kwamba fyuzi ingalimwokoa, maana fyuzi ya ampea 13 huutazama wingi wa mkondo peke yake, na ampea 10 kwake ni halali. Joto lililojificha katika kiungo haina habari nalo. Kwa hiyo birika na pasi vichomekwe ukutani moja kwa moja, katika tundu linaloibana plagi barabara; na plagi ikichomolewa ikiwa ya moto, hiyo ndiyo hadhari ya mwisho kabla ya hasara.

“Basi kosa si la birika,” akasema mama, “ni la kiungo kilicholegea, taa ilikuwa inalisitiri tu.” Kisha akaniomba penseli. Pasi yake, alisema, imeandikwa wati 1,150. Akagawa kwa 230, akapata ampea 5. Akazidisha 5 mara 5 mara 0.5, akapata 12.5, akainua macho: “Mkondo ni nusu ya ule wa birika, lakini joto ni robo.” Ekstensheni ile hakuondoka nayo.