Mpe Bibi Mbuzi ya Nazi Aishike

Ukimwuliza mgonjwa wa dimensia, "Bibi, unanikumbuka?" umempa mtihani, na mara nyingi atashindwa na kunyong'onyea. Mwekee mbuzi ya nazi na kizio kimoja. Huenda akaikalia, akakigusisha kizio kwenye meno ya chuma, akaanza kukuna huku akikizungusha kidogo kidogo, kisha akaanza kusimulia habari za jikoni kwa mama yake.

Ugonjwa wa Alzheimer, unaosababisha kati ya asilimia 60 na 70 ya dimensia yote, hushambulia mapema hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuhifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mzee husahau kama amekunywa chai leo, ilhali harusi yake anaieleza vizuri. Ustadi wa mikono hutegemea sehemu nyingine za ubongo, na kwa kawaida huchelewa kupotea.

Makumbusho ya wazi ya Den Gamle By, mjini Aarhus, Denmark, yameligeuza jambo hili kuwa nyumba. Humo mna makazi ya miaka ya 1950, pamoja na samani na vyombo vya wakati huo, na mwenyeji aliyevaa mavazi ya enzi hizo huwaandalia wageni kahawa. Hakuna maelezo ya kusoma ukutani. Wazee wanakaa, wanashika, wananusa, wanazungumza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba humo walikumbuka habari za maisha yao kwa wingi zaidi kuliko katika mazingira yao ya kila siku. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus walionyesha pia kwamba vitu halisi vya enzi za ujana vinawasaidia wagonjwa wa Alzheimer kukumbuka.

Hapo kwenye ujana ndipo wengi wanapokosea. Mambo tuliyoyaishi kati ya umri wa miaka 10 na 30 ndiyo yanayong'ang'ania. Mzee wa miaka 80 leo alikuwa kijana katika miaka ya 1960, kwa hiyo upanga wa karne ya 19 hautamwambia lolote. Mtafutieni taa ya chemli, pasi ya mkaa, santuri, cherehani ya Singer.

Hii si tiba. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2018 kuhusu mazoezi ya kukumbuka ya zamani ulikuta manufaa madogo yanayotofautiana. Hata hivyo, saa moja ya mzee kumfundisha mjukuu wake kitu anachokijua ni saa njema, na mimi naipigania.

Nanyi watu wa makumbusho, msichukue kitu chochote tu kabatini. Vitu vingi vya zamani vilitiwa aseniki au DDT kuzuia wadudu, kwa hiyo tengeni seti maalumu ya kushikwa. Waulizeni pia jamaa, maana kuna vitu vinavyoamsha kumbukumbu za msiba.

Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kina nyumba za jadi tayari, na Lamu ina nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho. Wakuu wa makumbusho, tunawaomba asubuhi moja tu kwa wiki, isiyo na msafara wa wanafunzi: viti vyenye migongo, choo cha karibu, na wazee pamoja na walezi wao waingie bure.