Ejenti wa Shahe Anapiga Hesabu Yako

Wasee wengi Kanairo wakiskia mtu anafanya wera Guangzhou, wanajua ni kupiga picha za nguo na kufunga mabeg. Zii. Ukicheki form ya Shahe, soko la nguo za hoseli kule wilaya ya Tianhe, utapata mayuthi wa East Africa wakifanya kazi ile ile kampuni za ushauri wa pesa zinafanya Upper Hill, ila hawana tai wala lifti. Wanapiga hesabu ya doh ya watu wengine, na hiyo hesabu ndio huamua kama stoo ya Isich itasimama ama itafunga.

Shahe huamka mapema mbaya. Jua halijatoka na majengo ya hoseli yashajaa, wasee wa mikokoteni wanapita na mabeg meusi ya plastiki, usipojipa unagongwa. Mchana kufika, biz imeisha. Bei iko chini, ndio maana watu wa Isich na Kariakoo wanapapenda. Lakini kawaida ya vibanda ni moja: saizi ama rangi unabadilishiwa, doh hairudi. Ukichagua vibaya, umechagua vibaya na pesa ya chama.

Cheki vile inaenda. Tuseme jinzi ni yuan 35, na reti ni bob 18 kwa yuan moja. Mgeni anaona 630, anaona akifika Gikosh anauza thao na anabaki na 370. Ejenti mwenye rada anamwambia atulie kwanza. Weka usafiri na bima, tuseme 70, hapo ni 700. Tangu Julai 2022, ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo zilizoshonwa nje ni asilimia 35, kwa hivyo ongeza 245. Alafu VAT ya Kenya, asilimia 16, inapigwa juu ya hiyo jumla yote, sio juu ya bei ya kibanda: 151 ingine. Jinzi imefika karibu 1,100, na bado hujaguza tozo zingine, mkokoteni wala rent ya stoo. Kila pisi unauza thao inakula mtaji wako, na utaendelea kuuza ukifurahi juu kastoma wamejaa.

Reti nayo ni stori ingine. Shahe unalipa kwa simu, WeChat ama Alipay, unascan unasonga. Njia tamu ya kupata yuan ni ile ya mtaa: unawachia msee shilingi Nairobi, mtu wake anatuma yuan moja kwa moja kwa akaunti ya mwenye kibanda. Ni chap chap na reti ni poa. Naelewa kwa nini watu wanaikimbilia. Bob moja tu ya reti kwa jinzi 400 za yuan 35 ni bob 14,000, na hiyo si pesa ya kuacha mezani. Ngori ni kwamba hujui hiyo yuan imetoka wapi. Tangu Oktoba 2020 Uchina imekuwa na kampeni kali ya kufunga kadi na akaunti zinazopitisha doh ya utapeli. Yuan chafu ikiingia kwa akaunti ya mwenye kibanda, akaunti inaweza fungwa, na yeye haachilii mzigo. Hapo umeokoa 14,000 na umekwamisha 252,000, na huna risiti ya kuonyesha mtu yeyote.

Kuna manzi wa kwetu anafanya hii wera vile inafaa. Ukimpata saa za lanchi yuko na sahani ya zile tambi pana za mchele zenye zilianzia hapo hapo Shahe, na daftari kando. Mistari ni minne: yuan, bob, kilo, ushuru. Kabla hujalipa kitu anakuitisha picha ya bei ya jirani yako Isich, alafu anateremka na kalamu mpaka chini. Namba ya chini ikipita bei ya jirani, anakuambia hiyo mali wachana nayo, hata kama ushaipenda.

Ni wachache wanaweza kusema hivyo, juu ejenti wengi wanalipwa asilimia ya mzigo. Ukibuy mob, anaomoka. Ukimskiza akikuambia punguza, yeye ndio anapoteza. Na wengine wanachukua kitu kidogo kwa mwenye kibanda pia, kimya kimya. Sidhani hao ni watu wabaya, ila hiyo mpango imekaa vibaya. Huwezi omba mtu ushauri na umlipe tu ukikosa kuufuata.

Mimi nasimama na bei moja ya ushauri, inayojulikana kabla ya kuingia soko, ubuy ama usibuy. Wasee wa Nairobi wanalia ati hiyo ni kulipia maneno. Lakini mwaka wa 2020, Kenya Airways iliposimamisha ndege za Guangzhou kuanzia Januari 31, bosi wa stoo hangeweza kupanda ndege yao akajionee kitambaa mwenyewe. Asipopata njia ingine, kitu angetegemea ni macho na hesabu ya msee aliye kule, kwa simu. Hiyo ni kazi ya kulipiwa. Kwa hivyo ukitafuta ejenti wa Shahe, muulize kwanza analipwa na nani, na umuambie akuandikie ile mistari minne kabla ya wewe kuscan kitu. Akikataa, tafuta mwingine kabla ya yuan ya kwanza kutoka.