Kabla ya kununua hati za kaboni, uliza nani amezihakiki

Wapo wateja wa nje wanaowataka wasafirishaji kueleza moshi wa magari yao, na wapo wauzaji wanaotoa hati za kaboni ili kuufidia. Hati moja ni tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa au kuondolewa angani. Lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa hiyo, hivyo takribani lita 370 hufikisha tani.

Swali ni je, nani amethibitisha kuwa tani hiyo ipo kweli?

Dereva anayelala Maungu, karibu na Voi, yuko jirani na mfano mmoja. Mradi wa Kasigau hulinda misitu na nyika kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani, kati ya miradi ya kuzuia ukataji wa misitu, kupewa hati chini ya kanuni za VCS, ambazo leo husimamiwa na Verra ya Marekani.

Uhakiki hufanyika kwa hatua mbili. Kwanza, kampuni ya nje hukagua mpango wa mradi kabla haujasajiliwa. Pili, baada ya kila kipindi, wahakiki huenda kukagua vipimo vya miti, picha za setilaiti na hesabu zote. Ndipo hati hutolewa, zikiwa na namba.

Ni kama mizani ya Mariakani: mwenye lori hajipimii mzigo. Hata hivyo, hapa mhakiki hulipwa na mwenye mradi. Aidha, hupimwa pia miti ambayo ingekatwa kama mradi usingekuwepo, na hayo ni makisio. Yakikuzwa, hati huzidi ukweli. Mwaka 2023 kampuni ya South Pole ya Uswisi ilivunja mkataba na mradi wa Kariba, Zimbabwe, kufuatia maswali ya aina hiyo, ingawa mradi ulikuwa umehakikiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:

- Omba jina la mradi na namba za hati.
- Zitafute katika daftari la msajili, ambalo liko wazi kwenye intaneti.
- Soma ripoti ya mhakiki, hasa sehemu ya makisio.
- Hakikisha hati zimefungwa kwa jina lako, zisiuzwe tena kwa mwingine.

Hati isiyo na namba ni sawa na mzigo usio na karatasi za forodha. Usiupakie.