Fahamu: Kwa nini bunduki kuukuu ya vita humdhuru anayeifyatua

Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ziko katika ukanda uliopitiwa na vita, ambako bunduki za zamani huenda bado zipo. Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana vikali Mahiwa, upande wa mashariki. Miaka ya 1960 na 1970 wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walifunzwa kambini Nachingwea.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari wengi wa Wajerumani huku Afrika Mashariki walibeba bunduki ya Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi. Moshi wake uliwafichua kwa adui. Leo hatari ni nyingine: chuma chake hakikuundwa kuhimili baruti ya kisasa, yenye shinikizo kubwa zaidi. Ongeza kutu, ufa usioonekana au udongo ulioziba mtutu, na mlipuko unaweza kumrudia mfyatuaji usoni. Gobore lililotengenezwa kwa bomba la maji ni baya zaidi.

Risasi za zamani nazo hudanganya: unafyatua, kimya, unafungua kuchungulia, ndipo inalipuka. Na kupaka mafuta hakurudishi nguvu ya chuma, hata kiking'ae vipi.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakataza kumiliki bunduki bila leseni. Ukiikuta shambani au kwenye sanduku la marehemu babu, usiijaribu. Waite polisi.