Kukuza Msamiati wa Kiingereza kwa Usomaji wa Theologia na Fasihi

Mwanafunzi anapoyafungua kwa mara ya kwanza maandiko ya ungamo ya Kanisa letu katika lugha ya Kiingereza, hukuta humo kitabu cha Philipp Melanchthon cha mwaka 1531 kiitwacho "Apology". Kwa Kiingereza alichojifunza shuleni, neno hilo maana yake ni kuomba radhi. Je, Melanchthon alikuwa akiomba radhi kwa sababu ya Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano mwaka 1530? La hasha. Neno limetoka katika Kiyunani, "apologia", nalo ni hotuba ya mshtakiwa anayejitetea barazani. Paulo alijitetea hivyo mbele ya watu wa Yerusalemu (Mdo. 22:1), na Petro awataka Wakristo wawe tayari kufanya vivyo hivyo (1 Pet. 3:15). Mwanafunzi asiyelijua hilo atasoma kitabu kizima akimtafuta mtu mwenye kutubu, hali aliyemo kitabuni ni mtu aliyesimama imara.

Tumeanza na mfano huu kwa kuwa unaonyesha tatizo lilipo. Neno gumu, refu na geni humlazimu msomaji afungue kamusi. Neno analodhani analijua halimlazimu kufanya lolote. Hulipita akiwa na amani, na kosa lake huingia katika insha, kisha katika mahubiri. Vitabu vingi vya theologia vilivyomo katika maktaba zetu vimeandikwa kwa Kiingereza. Mchungaji ambaye Kiingereza chake kilikoma kwenye mtihani wa kidato cha nne atavisoma kwa kunakili sentensi zisizomwelea, naye atawapa washarika maneno ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyafafanua akiulizwa.

Ni maneno mangapi yanayohitajika? Mtaalamu wa New Zealand, Paul Nation, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006, alikadiria kwamba msomaji anahitaji kujua familia za maneno 8,000 hadi 9,000 ili aelewe maneno 98 katika kila 100 ya maandishi ya kawaida bila msaada. Familia hapa ni mzizi pamoja na matawi yake, kama sisi tunavyohesabu soma, somo, msomaji, someka na somesha kuwa ukoo mmoja. Hata kwa kiwango hicho, ukurasa wenye maneno 300 bado utakuwa na maneno sita asiyoyajua. Yakipungua hadi 95 katika 100, mageni yatakuwa 15 kwa ukurasa, na hapo fikra huanza kukatika. Kuna pia orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 zinazotumika sana katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote. Hizo peke yake huchukua takriban sehemu ya kumi ya kila maandishi ya namna hiyo. Anayeanza na aanze na hizo. Ni kazi kavu, lakini malipo yake huonekana upesi.

Jamaa wa maneno tunayoyajua

Msomaji wa Kiswahili haingii katika kazi hii mikono mitupu. Kwanza, amezoea kuona mzizi mmoja ukizaa. Anajua bila kufundishwa kwamba hukumu, hakimu, mahakama na hekima ni ndugu, na kwamba kitabu, katibu na maktaba ni ndugu pia. Jicho hilohilo akilielekeza kwenye Kiingereza cha vitabu, ambacho kwa sehemu kubwa kimejengwa kwa Kilatini na Kiyunani, ataona koo zile zile. Chukua neno la Kilatini "cor", yaani moyo. Kutoka kwake tunapata "concord", mioyo kuwa pamoja, nalo ndilo jina la mkusanyo wa maungamo yetu wa mwaka 1580. Tunapata "discord", mioyo kutengana. "Cordial", cha moyoni. "Courage", ushujaa, uliopitia Ufaransa. Hata "record", kulirudisha jambo moyoni lisisahaulike. Mzizi mmoja, maneno matano.

Pili, baadhi ya maneno ya Kiyunani yalifika pwani yetu kwa njia ya Kiarabu kabla shule ya Kiingereza haijafunguliwa. Askofu ni "episkopos", mwangalizi. Neno la Kiingereza "bishop" ni ndugu yake wa tumbo moja, ijapokuwa nyuso zao hazifanani, na "episcopal" pamoja na "telescope" ni wajomba. Kanuni na "canon" ni neno moja. Injili ni "euangelion", ambalo Kiingereza kimelihifadhi katika "evangelical". Almasi ni "adamas", kitu kisichovunjika. Ndiyo maana mtu akataaye katakata kubadili msimamo huitwa "adamant". Mwanafunzi akionyeshwa uhusiano huu mara moja, halisahau neno.

Lakini hapana budi kutoa onyo. Asili ya neno siyo maana yake ya leo. "Nice" limetoka katika neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na hakuna Mwingereza wa leo anayelitumia hivyo. James Barr, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu semantiki ya lugha ya Biblia, aliwakemea wafafanuzi waliojenga mafundisho juu ya mizizi ya maneno bila kutazama sentensi. Mzizi na utusaidie kukumbuka; maana tuichukue katika matumizi.

Haki na imani

Liko jambo moja ambalo kwetu Walutheri lina uzito kuliko yote. Katika Waraka kwa Warumi, Paulo anatumia ukoo mmoja wa maneno ya Kiyunani kutaja haki ya Mungu, mtu mwenye haki, na tendo la kumhesabia mtu haki. Kiswahili kimeuhifadhi umoja huo: mara zote tunasikia haki. Kiingereza kimeupasua. Nomino yake huwa "righteousness", lililotoka katika Kiingereza cha kale. Kitenzi huwa "justify", lililotoka katika Kilatini kwa njia ya Ufaransa. Msomaji wa Kiingereza asiyejua Kiyunani haoni kwamba hayo mawili ni kitu kimoja, na mwanafunzi wetu afuataye Kiingereza peke yake hupotezewa alichokuwa nacho tangu darasa la kipaimara. Ndivyo ilivyo pia kwa "faith" na "believe": Kiyunani kina mzizi mmoja, nasi tuna imani na amini, bali Kiingereza kina maneno mawili yasiyo na udugu. Mtaalamu wa Paulo, E. P. Sanders, alifikia hatua ya kulitumia "righteous" kama kitenzi, jambo linaloyakera masikio ya Waingereza, ili kuziba ufa huo. Sisi hatuhitaji kuuziba. Kwa hiyo anayekuza msamiati wa Kiingereza asiweke Kiswahili kando. Katika mahali hapa Kiswahili ndicho kinachomwonyesha Kiingereza kimeficha nini.

Neno "criticism" nalo limewaogofya wengi. Wamesikia kwamba kuna "criticism" ya Biblia, wakadhani ni kuishutumu. Neno linatokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kupambanua na kuamua. Neno letu uhakiki, lenye haki ndani yake, ni bora zaidi, kwa maana linatangaza nia ya kazi: kuutafuta ukweli wa maandishi. Mtu anaweza kuukataa uhakiki wa namna fulani baada ya kuusoma. Kuukataa kwa sababu ya sauti ya jina lake si hoja.

Maneno yaliyohama

Anayesoma fasihi ya zamani, au Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, atakutana na maneno yaliyobadilika maana huku yakibaki na sura ile ile. Humo "prevent" ni kutangulia, si kuzuia. "Let" katika 2 The. 2:7 ni kuzuia, kinyume kabisa cha maana ya leo ya kuruhusu. "Conversation" ni mwenendo wa maisha. "Quick" ni aliye hai. "Peculiar" katika 1 Pet. 2:9 si watu wa ajabu, bali mali ya mwenyewe. Biblia yetu husema milki, nayo imepata shabaha.

Washairi hulitumia tendo hili la kuhama kwa makusudi. John Milton, katika "Paradise Lost" ya mwaka 1667, anapoieleza bustani ya Edeni kabla ya anguko, anatumia neno "error" kwa vijito vya maji. Kwa Kilatini neno hilo ni kuzungukazunguka tu. Vijito vinapindapinda, wala hapana dhambi. Lakini msomaji anaijua maana ya pili, naye anaisikia hatia mahali ambapo bado haijazaliwa. Asiyejua maana zote mbili ataona kosa la uchapaji.

Kwa kazi ya namna hii kamusi ya lugha mbili haitoshi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, ni msaada mkubwa kwa kuanzia, lakini hatua inayofuata ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, na kwa maandishi ya kale ile kubwa ya Oxford, iliyoanza kutolewa kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, inayopanga maana za neno kwa kufuata miaka.

Kuhusu mazoezi ya kila siku, tunashauri daftari badala ya orodha za kukariri. Soma sura yote kwanza bila kamusi, ukitia alama. Isome tena, kisha chagua maneno yasiyozidi kumi, yale ambayo hoja imesimama juu yake. Andika kila neno pamoja na sentensi nzima ulimolikuta, jamaa zake wawili au watatu, na tafsiri yako kwa Kiswahili. Lirudie kesho, wiki ijayo, na mwezi ujao. Ukikosa neno moja la Kiswahili la kulilinganisha, usiandike neno la Kiingereza lenye irabu mwishoni ukaridhika. Andika sentensi ambayo mzee wa kanisa asiyejua Kiingereza angeielewa. Ukishindwa kuiandika, rudi kwenye ukurasa. Neno hilo bado hujalisoma.