Argentina na Mboga za Wabolivia

Argentina ina eneo la kilomita za mraba 2,780,400, na kwa ukubwa ni ya pili Amerika Kusini baada ya Brazil. Sensa ya 2022 ilikuta watu takriban milioni 46. Mji mkuu ni Buenos Aires, lugha ni Kihispania, fedha ni peso. Magharibi kuna milima ya Andes, katikati mbuga za Pampa zenye ng'ombe wasiohesabika. Yaliyobaki yamo katika vitabu vya jiografia.

Mimi nilinaswa na kachumbari. Waargentina wanasifika kwa nyama choma, lakini nyanya na saladi zinazoandamana nayo mezani Buenos Aires, kwa sehemu kubwa zimelimwa na Wabolivia. Sensa ya 2010 iliwahesabu 345,272, wachache katika taifa kubwa namna ile. Wazee wao walivuka mpaka wa La Quiaca kwenda kukata miwa Salta na Jujuy, msimu ukiisha wakarejea kwao. Baadaye wengine wakateremka kusini hadi viunga vya La Plata na Escobar, karibu na Buenos Aires.

La Plata ni vitalu nyumba vya mbao na nailoni, safu kwa safu. Familia ngeni huanza kwa kibarua. Ikishazoea hupanda kuwa mediero: mwenye shamba anatoa ardhi, wao wanatoa nguvu, kisha mapato yanagawanywa. Baadaye hukodi shamba, na wachache hununua. Mtafiti Roberto Benencia aliuita mpando huo ngazi ya Wabolivia. Vipago vyake vingine vimeoza, maana mara nyingi mwenye shamba ndiye muuzaji, na mediero huambiwa tu bei iliyopatikana.

Ndiyo maana soko la Escobar lilinisisimua. Ni mali ya chama cha Wabolivia wenyewe, na mkulima anauza mazao yake kwa mkono wake. Sisi Watanzania ushirika tunaujua tangu KNCU ya 1933, chama cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, lakini tuliuelekeza kwenye kahawa na pamba; nyanya tukamwachia dalali. Mkulima wa Lushoto anapanda, anamwagilia, anapakia lori, halafu anasubiri simu kutoka mjini imwambie kabichi zake zina thamani gani. Hilo halihitaji mfadhili kulirekebisha.

Nje ya mashamba kuna viwanda: magari, vyakula, nguo. Katika nguo pia wamo Wabolivia, wengine katika karakana za uchochoroni. Moto wa 2006 katika mojawapo, Buenos Aires, uliua watu 6, wengi wao watoto.

Na chakula chao wenyewe? Mtaa wa Liniers, Buenos Aires, unauza chuño, viazi vilivyogandishwa kwa baridi ya usiku wa milimani, vikakanyagwa kwa miguu vitoke maji, kisha vikaanikwa juani. Ni vyepesi na vigumu kama makopa, na hukaa miaka. Hapo hapo nilikula supu ya karanga. Wabolivia huzisaga mbichi; wengi wetu huzikaanga kwanza. Yao ni laini zaidi, na haina ule uchungu wa karanga zilizoungua kidogo.