Twanga Kwanza, Kisha Subiri

Kuna wanaomeza punje nzima ya kitunguu saumu kila alfajiri, kwa maji ya uvuguvugu, wakiamini wanasafisha mishipa ya moyo. Inaniuma kuwaona. Sehemu kubwa ya dawa wanayoitafuta haimo ndani ya punje hiyo, kwa kuwa haijatengenezwa bado.

Menya punje moja taratibu, bila kuichubua, uinuse. Haina harufu ya maana. Sasa igonge kwa mchi. Ile harufu inayojaa jikoni imezaliwa hapo hapo. Ndani ya punje, msombo uitwao aliini na kimeng'enya kiitwacho alinasi huhifadhiwa katika vyumba tofauti. Kuta zikipasuka hukutana, na kwa sekunde chache aliini huanza kugeuka alisini, hiyo inayochoma ulimi. Kwa mmea ni silaha dhidi ya mdudu anayeutafuna. Chester Cavallito na John Bailey waliitenga alisini huko Marekani mwaka 1944. Asidi ya tumboni hukilemaza kimeng'enya hicho, ndiyo maana ni heri kazi ifanyike kwenye kinu.

Alisini nayo haidumu; huvunjika ikawa misombo mingine ya salfa. Mmoja, ajoeni, huzuia chembe sahani za damu zisigandamane, na donge la chembe hizo ndilo huziba ateri iliyokwisha kuwa nyembamba. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama, Birmingham, walionyesha kwamba chembe nyekundu za damu ya binadamu huigeuza misombo ya kitunguu saumu kuwa salfidi ya hidrojeni, gesi ile ile inayonuka kwenye yai viza. Ikiwa kidogo sana, gesi hiyo hulegeza misuli ya ukuta wa mshipa, mshipa ukatanuka.

Lakini wanaouza kitunguu saumu kama kiyeyusha mafuta wanawapotosha watu. Mwaka huo huo wa 2007, Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia watu 192 wenye lehemu iliyopanda kiasi. Kwa miezi 6 wengine walikula kitunguu saumu kibichi, wengine vidonge vyake, na lehemu mbaya haikushuka. Matumaini yako kwenye shinikizo na mgando wa damu, na hata huko asiache mtu dawa zake za presha.

Jikoni tunakiharibu kwa haraka. Kikitwangwa tu, kinatupwa kwenye mafuta ya moto, na joto hukiua kimeng'enya. Watafiti wa Argentina walichemsha punje nzima kwa dakika 6, zikapoteza kabisa uwezo wa kuzuia mgandamano wa chembe sahani. Zilizopondwa kwanza zilibakiza kiasi. Basi twanga, weka kando, katakata nyanya na umenye viazi. Dakika 10 zinatosha.

Wakulima wa Mbulu, mkoani Manyara, wanalima kitunguu saumu kwa jasho, nasi tunanunua chupa za vidonge vya unga wake kutoka ng'ambo. Huo ni upotevu, tena wa fedha na wa ujuzi.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kwamba anakula kitunguu saumu kwa wingi, maana damu yake yaweza kuchelewa kuganda.